Pupa ya kipepeo imeanguka, imekuwa nyeusi au haitoki: tafuta chanzo hapa

Kiwavi akiugua hujionyesha: anaacha kula, anatapika majimaji ya kijani, anajinyonganyonga. Pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda ili ageuke kipepeo, haina cha kukuonyesha ila rangi, uzito na siku zinazopita. Ndiyo maana wapo wanaotupa pupa nzima wakidhani imekufa, na wapo wanaokaa wiki nzima na pupa iliyooza huku ikichafua zilizo jirani nayo. Kabla hujaamua lolote, jibu maswali mawili: leo ni siku ya ngapi tangu kiwavi ageuke, na je, pupa bado ni nzito?

Swali la kwanza usiliachie kumbukumbu. Bandika kipande cha karatasi karibu na kila pupa, andika tarehe kwa penseli. Kwa joto la nyuzi 22 hadi 27 hivi za Selsiasi, kipepeo Vanessa cardui (painted lady kwa Kiingereza) hutoka baada ya siku 7 hadi 10, Danaus plexippus (monarch) siku 8 hadi 15, na vipepeo wengi wa kundi la Papilio wiki 2 hadi 3. Chumba kikiwa cha baridi, hesabu inarefuka. Doa jeusi la siku ya 3 na weusi wa siku ya 10 ni mambo mawili tofauti kabisa, na bila tarehe huwezi kuyatenganisha.

Kuhusu uzito: pupa hai imejaa maji, kwa hiyo ukiilaza kiganjani inalemea kuliko ulivyotarajia kwa udogo wake. Iliyokauka, au iliyoliwa kwa ndani, ni nyepesi kama ganda tupu. Angalia pia tumbo. Pingili za pupa hai hupinda kidogo ukizisukuma kwa brashi laini, na pupa za vipepeo wengi hutikisa ncha zikiguswa. Lakini usiifanye hii kuwa hukumu ya mwisho, kwa sababu pupa ya Danaus ikishakauka ngozi hutulia tu, uiguse usiiguse. Na vipimo hivi vyote havifanywi ndani ya saa 24 za mwanzo. Ngozi ya pupa mpya ni laini mno, na kidole kinachoikagua ndicho kinachoweza kuiua.

Kiwavi ameacha kula na anazurura kizimbani

Kama hatapiki wala hajinyonganyongi, hajaugua. Amemaliza kula. Hutoa kinyesi cha mwisho kilicho laini na chenye majimaji, halafu hutembea kwa saa kadhaa akitafuta pa kujitundika. Usimrudishe kwenye majani. Akizunguka zaidi ya siku nzima bila kutulia, tazama kuta za kizimba: plastiki laini na kioo havimpi pa kushika hariri yake. Mwekee vijiti vikavu, au funika juu kwa kitambaa cha wavu au karatasi isiyoteleza.

Akishuka chini na kujichimbia kwenye takataka za sakafuni, huenda si kipepeo bali ni nondo. Viwavi wengi wa nondo wakubwa wa familia ya Sphingidae, wale wenye pembe moja mkiani, hugeukia udongoni. Hawatafuti pa kujitundika, wao wanataka udongo mwepesi wa kina cha sentimita 10 hivi, basi.

Ameshajifunga, lakini hageuki

Danaus na Vanessa hushika hariri kwa miguu ya nyuma na kuning'inia kichwa chini, mwili ukiwa umepinda mfano wa herufi J. Papilio na Pieris (vipepeo weupe wa kabichi) hawaning'inii hivyo. Wao hukaa kichwa juu, wamejizungushia uzi wa hariri mgongoni. Ni vizuri kujua wako ni wa aina gani, maana nimeona watu wakimgeuza Papilio kichwa chini wakidhani amekosea.

Kwa Danaus hatua hii huchukua kati ya nusu siku na siku nzima. Papilio anaweza kukaa siku moja hadi mbili. Dalili ya kwamba muda umekaribia kwa Danaus ni zile pembe zake laini nyeusi: zinalegea, zinajikunja, na mwili uliopinda unaanza kunyooka. Baada ya hapo ngozi hupasuka nyuma ya kichwa na kupandishwa kuelekea mkiani kwa dakika chache tu. Ukienda kuchota maji utakuta kazi imekwisha.

Siku mbili zikipita, tazama mwili. Ukiwa bado mgumu na wenye rangi nzuri, chanzo cha kwanza kushuku ni baridi. Hamishia kizimba mahali penye joto zaidi, lakini si kwenye jua la dirishani, kwa sababu kizimba kilichofunikwa hupata joto upesi na kupika kilichomo. Ukiwa umelegea, umerefuka, na majimaji meusi yanadondoka, amekufa kwa virusi au bakteria. Mtoe saa hiyo hiyo, bila kumgusanisha na wengine, na unawe mikono.

Kuna hali ya tatu inayochanganya: kiwavi anageuka nusu. Ngozi inakwama katikati, au pupa inatoka ikiwa imepinda, fupi, ina sura ya kiwavi upande mmoja. Hali hii ikimpata mmoja, inaweza kuwa bahati mbaya. Ikiwapata kadhaa kwa mkupuo, shuku sumu. Sumu hii mara nyingi iliingia siku nyingi kabla, kupitia majani. Zipo dawa za wadudu zinazopanda ndani ya utomvu wa mmea, na hizo hazitoki kwa kuosha majani hata uyaoshe mara kumi. Mmea ulionunuliwa kwenye kitalu unaweza kuwa nazo ingawa unaonekana safi. Sababu nyingine ziko ndani ya nyumba: dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza katika chumba kile kile, na dawa ya viroboto ya mbwa au paka inayobaki mikononi mwako baada ya kumpapasa mnyama. Kwa sumu hakuna tiba. Kinachowezekana ni kubadilisha majani ya viwavi waliobaki leo leo.

Ngozi kuukuu ikibaki imeng'ang'ania kwenye ncha ya mkia, iache. Kwa kawaida pupa hujizungusha mpaka idondoke, na isipodondoka haina madhara.

Pupa imeanguka

Hili ndilo tatizo linalowatia watu hofu kuliko linavyostahili. Pupa huanguka kwa sababu hariri ilishikizwa kwenye jani lililonyauka, au kiwavi mwingine alipita akaitikisa, au kizimba kiligongwa. Kuanguka kwenyewe si kifo. Cha kuogopa ni mambo mawili: kuanguka ikiwa bado laini, na kukaa chini bila mpango mpaka siku ya kutoka.

Ikiwa iliangukia utosi ingali laini, kagua kama kuna tone la kijani. Tone moja linaloganda na kukoma ni jeraha, na pupa nyingi hupona nalo, ingawa zitabaki na kovu jeusi. Linaloendelea kuvuja hadi kesho yake halina matumaini. Usilifute wala usilizibe kwa gundi.

Iache pupa juu ya taulo ya karatasi kwa siku nzima ikauke. Weka mbali na sisimizi, kwa sababu pupa iliyo chini hawaikosi. Miguu ya meza ndani ya bakuli za maji inatosha kuwazuia. Kesho yake chagua njia ya kuitundika.

Tafuta kwanza kremasta, yaani kile kijiti kidogo cheusi kwenye ncha ya mkia. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kimejaa vindoano vidogo mno, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vimenasa kwenye hariri. Mara nyingi kipande cha hariri bado kimeshikamana navyo, cheupe, kimevurugika. Una bahati: choma pini kwenye hariri hiyo, si kwenye kijiti, kisha ichomeke pini kwenye paa la kizimba au kwenye kipande cha kadibodi.

Hariri ikiwa haipo, tumia uzi wa kushonea. Tengeneza kitanzi cha fundo la kuteleza, kipitishe juu ya kijiti, kisha vuta ncha mbili polepole mpaka kitanzi kikae kwenye ile shingo nyembamba inayounganisha kijiti na mwili. Hapo ndipo watu huharibu. Kitanzi kikikaa juu kwenye ncha, kitachomoka. Kikishuka kwenye mwili, kitakata ngozi. Shika pupa kwa kuilaza juu ya pamba, si kwa vidole viwili, maana vidole hubana bila wewe kujua.

Wengine hupenda gundi ya moto: wanadondosha tone kwenye kadibodi, wanasubiri lipoe hadi liwe karibu kuganda, ndipo wanachomeka kijiti. Inafanya kazi, mradi usubiri kweli. Gundi ya maji inayokauka papo hapo siipendekezi, kwa sababu hutambaa kufuata kijiti hadi kwenye pingili za tumbo, na pingili zilizogandishwa hazitanuki siku ya kutoka.

Na kama mikono yako inatetemeka, acha yote hayo. Laza pupa sakafuni mwa kizimba juu ya taulo ya karatasi, ikigusa ukuta wa wavu au kijiti chenye magamba kilichosimama wima. Kipepeo akitoka atatafuta pa kupanda, na akipata ndani ya dakika chache hana upungufu wowote. Pupa ya Papilio iliyokatika uzi wake mimi huona ni afadhali kuitia kwenye koni ya karatasi iliyobandikwa ukutani, mkia ukiwa chini na kichwa kikichungulia mdomoni mwa koni. Inakaa pozi lake la asili na huhitaji kufunga fundo.

Popote utakapoitundika, acha nafasi chini yake. Kipepeo hutoka na mabawa madogo yaliyokunjika, na ili yanyooke lazima yaning'inie bila kugusa kitu. Kwa aina kubwa, sentimita 10 tupu chini na pembeni ndicho kiwango cha chini.

Rangi imebadilika

Anza na habari njema. Pupa za Papilio na Pieris zinaweza kuwa kijani au kahawia hata kati ya ndugu wa mama mmoja, kutegemea mahali kiwavi alipojifunga. Kwenye shina la kijani huwa kijani, kwenye kijiti kikavu au ukuta wa kukwaruza huwa kahawia. Papilio demodocus, yule ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa na milimao, ni maarufu kwa hilo. Kahawia ya tangu siku ya kwanza si ugonjwa. Pupa ya Danaus nayo ina vidoa vya dhahabu, na mng'ao huo hutokana na jinsi tabaka za ngozi zinavyorudisha mwanga.

Sasa weusi. Weusi wa heri huja mwishoni, na una mpangilio. Chukua Danaus plexippus: pupa ya kijani hafifu hukolea, kisha katika siku ya mwisho ngozi inakuwa angavu na unaona mabawa ndani yake, rangi ya chungwa yenye mishipa myeusi na vidoa vyeupe pembeni, kulia sawa na kushoto. Rangi haipo kwenye ngozi, ipo kwenye mabawa. Ngozi yenyewe imekuwa kioo tu. Saa chache kabla ya kutoka, pingili za tumbo hutanuka na nafasi kati yake huonekana. Usiihamishe tena. Wengi hutoka asubuhi.

Weusi wa shari hauna mpangilio. Hutokea siku yoyote, huanza kwenye doa moja na kusambaa, hautofautishi bawa na tumbo, na pupa hulainika. Ukiisogeza karibu na pua inanuka. Ndani yake mwili umeyeyuka kuwa majimaji meusi, na ikipasuka kila kitu kilicho chini yake kimeambukizwa. Virusi vya kundi la baculovirus hufanya hivi, na bakteria pia. Kwa mfugaji wa nyumbani tofauti kati yao haina umuhimu, kwa sababu hatua ni ile ile: funga pupa ndani ya mfuko, weka kwenye friza usiku kucha, tupa. Kisha jiulize kuhusu msongamano. Viwavi wengi kwenye chombo kimoja, kinyesi cha siku tatu, na majani yenye maji ya matone: hapo ndipo ugonjwa ulipozaliwa, si kwenye pupa.

Kati ya heri na shari kuna madoa ya wasiwasi. Doa moja jeusi lisilokua, tangu siku za mwanzo, mara nyingi ni kovu. Liache. Huwa nahamishia pupa ya namna hiyo kwenye kikombe chake peke yake, na siku tatu za kuitazama zinatosha kujua inaelekea wapi.

Wanaofuga Danaus wana la ziada. Kimelea cha chembe moja, Ophryocystis elektroscirrha, huishi kwa kupitia jamii hii ya vipepeo. Mama mwenye kimelea hudondosha mbegu za kimelea hicho (spora) juu ya mayai na majani, kiwavi huzimeza pamoja na ganda la yai, na kimelea huzaliana ndani ya pupa. Dalili huonekana siku 2 au 3 kabla ya kutoka: mabaka meusi tumboni na mabawani, yasiyolingana kulia na kushoto, yakitangulia ule weusi wa kawaida. Kipepeo aliyelemewa hushindwa kutoka, au hutoka akaanguka kabla mabawa hayajanyooka. Mwenye mzigo mdogo huonekana mzima kabisa, na huyo ndiye anayeeneza. Kumpima si kazi ngumu: bonyeza kipande cha selotepu angavu kwenye tumbo lake, kibandike kwenye karatasi nyeupe, kisha tazama kwa hadubini. Mbegu za kimelea ni vidonge vidogo vyeusi vilivyochongoka, vidogo mno kuliko magamba ya kipepeo yaliyonaswa pembeni yake. Aliye nazo hatibiki, na asiachiwe wala asizalishwe.

Nyuzi za ute, matundu, au wadudu wasio kipepeo

Ukikuta nyuzi nyeupe za ute zinaning'inia kutoka kwenye pupa au kwenye kiwavi aliyejitundika, na chini kuna vitu vya kahawia iliyoiva vyenye ukubwa wa punje ya mchele, umepigwa na nzi wa familia ya Tachinidae. Nzi huyu alitaga mayai kwa kiwavi siku nyingi zilizopita. Funza walikula ndani, wakatoboa, wakateremka kwa nyuzi hizo, na zile punje ndizo pupa zao. Ziokote zote. Ukiziacha, baada ya wiki moja au mbili utakuwa na nzi ndani ya kizimba pamoja na viwavi wapya.

Nyigu ni hadithi nyingine. Pteromalus puparum na jamaa zake ni wadogo wa milimita 2 au 3, wanang'aa kijani cha chuma, na wao hungoja kiwavi ageuke. Hutaga ndani ya pupa ngozi ikiwa bado laini, na wengine humkalia kabisa kiwavi aliyejifunga wakisubiri. Pupa iliyotagwa hukaa na umbo lake zuri, ila rangi inafifia, pingili zinakuwa ngumu, haitikisiki tena, na siku moja unakuta tundu dogo la mviringo na makumi ya nyigu wanatembea. Kukitokea tundu moja kubwa lenye kingo chakavu na nyigu mmoja mkubwa, ni wa familia ya Ichneumonidae.

Hapa tarehe inakusaidia tena. Nzi akijitokeza, lawama ni ya siku ulipomwokota kiwavi akiwa amekwisha kua. Anayelelewa ndani tangu yai kwa kawaida hapati tatizo hili. Nyigu wakijitokeza, lawama ni ya wavu wako. Wavu wa matundu ya kawaida haumzuii mdudu wa milimita 2. Unahitaji kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizosongamana, hasa katika siku 2 za mwanzo za pupa. Ikiwa una pupa unazozishuku, zifungie kwenye mtungi uliofunikwa kwa kitambaa hicho, ili chochote kitakachotoka kisiwafikie wengine.

Siku zimepita na hakuna kitu

Rudi kwenye uzito. Nyepesi: imekufa. Nzito, rangi ile ile, haina harufu: imelala.

Vipepeo kadhaa hupumzika katika hatua hii kwa miezi. Papilio machaon na Papilio polyxenes wa mwisho wa msimu hupitisha baridi nzima wakiwa pupa, na kinachowaamuru si baridi yenyewe bali mchana kuwa mfupi wakati wangali viwavi. Katika nchi za joto wapo wanaongoja kiangazi kipite. Ndugu wa mayai ya siku moja wanaweza kugawanyika, mmoja akatoka baada ya wiki 2 na mwingine akakaa nusu mwaka. Danaus na Vanessa hawana desturi hii, kwa hiyo pupa ya Danaus iliyofikisha wiki 4 kwenye chumba chenye joto usiisubiri.

Iliyolala isiachwe juu ya kabati sebuleni. Chumba kikavu na chenye joto huifanya ichome akiba yake na kukauka. Kama kwenu kuna majira ya baridi, iweke nje kivulini ndani ya kizimba ambacho panya na ndege hawawezi kufungua. Mahali pengine popote, itafutie pa ubaridi na uipulizie ukungu mwepesi wa maji mara moja moja.

Ametoka nusu akakwama

Mara nyingi ni ukavu. Unyevu wa hewa ukishuka sana, ngozi ya pupa hugandamana na mwili. Vyumba vyenye kiyoyozi au hita ndivyo vinavyoongoza. Zuia mapema kwa kuweka pamba mbichi ndani ya kizimba na kupuliza ukungu wa maji kila siku, lakini usiloweshe, kwa sababu pupa iliyolowa muda wote huota kuvu.

Akiwa amekwama tayari, usimvute. Puliza maji mepesi, mfunike kwa kizimba kidogo chenye unyevu, mpe nusu saa. Baada ya hapo unaweza kuinua kifuniko cha ngozi kilicho usoni na kifuani kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholowa, kidogo kidogo, ukimwachia yeye kazi ya kujivuta. Sitakudanganya: anayetolewa kwa msaada mara nyingi hana mabawa mazuri, hasa kama chanzo kilikuwa kimelea na si ukavu.

Ametoka, mabawa yamekunjamana

Hapa fanya haraka. Kipepeo husukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa na kuyanyoosha ndani ya dakika 5 hadi 20 hivi, kisha yanaanza kukauka. Ukimkuta sakafuni na mabawa bado ni laini, mwachie apande kidoleni, umfikishe kwenye wavu, ning'iniza. Usimshike bawa. Baada ya saa moja au mbili umbo alilonalo ndilo atakalokufa nalo, maana maji yakimwagika hayazoleki. Asiyeruka anaweza kuishi siku zake akilishwa kwenye kizimba, na kama hawezi hata kusimama, friza ni huruma kuliko sakafu.

Tazama pia mrija wa kufyonzea. Hutoka ukiwa vipande viwili, na kipepeo huuzungusha na kuukunjua mpaka viungane. Ukimwona anafanya hivyo, anajishona, hajaumia.

Wa kawaida mwache saa 3 au 4 kabla ya kumwachia, zaidi kama kuna mvua. Hahitaji kulishwa siku ya kwanza.

Majimaji mekundu chini ya kizimba

Si damu. Ni taka iliyokusanyika mwilini wakati wa pupa, na kila kipepeo huitoa baada ya kutoka. Vanessa cardui anaitoa nyekundu kweli kweli, wengine kahawia au rangi ya chungwa. Tandika karatasi, maana haitoki kwenye nguo.

Kabla hujaingiza viwavi wengine

Toa maganda matupu yote. Ya Danaus usiyaweke kama kumbukumbu kwenye kizimba kile kile, kwa kuwa mbegu za kimelea hubaki juu yake na hudumu muda mrefu. Sugua kizimba kwa sabuni, kisha kiloweke kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji, kwa saa kadhaa. Klorini hiyo huua mbegu ambazo sabuni peke yake inaziacha. Suuza mpaka harufu iishe, anika juani. Vijiti usivioshe, okota vingine.